Kwanza Mchoro, Halafu Mashine

Kompyuta ya kwanza kufungwa katika nchi hii ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha, hapa Dar es Salaam. Iliitwa ICT 1500, na ilitoka kwa kampuni moja ya Uingereza. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba, na mwaka huohuo Serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa mashine hizo bila kibali maalum.

Wako wanaosimulia habari ya marufuku ile kwa kicheko, kana kwamba lilikuwa taifa la watu walioogopa umeme. Wengine husema ilikuwa siasa tu, kwamba Ujamaa haukutaka mashine inayomnyang'anya karani kazi yake. Mambo hayo yana sehemu yake katika hadithi, lakini kiini kilikuwa Hazina kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hesabu za Serikali zilihamishiwa kwenye kompyuta, na matokeo yake Serikali ikapoteza udhibiti wa hesabu hizo. Taarifa zilichelewa, fedha zikapotea, na kazi ambayo makarani waliifanya kwa mashine za zamani na daftari ikawa haifanyiki vizuri wala kwa mashine mpya wala kwa mkono. Waliochambua kisa hicho baadaye walitaja maandalizi duni, uhaba wa wataalamu wazalendo, na kuwategemea mno wageni. Serikali iliyoumwa na nyoka ikaogopa hata ung'ongo, na marufuku yakaja. Yalilegezwa taratibu katika miaka ya 1980, na televisheni nayo, ambayo ilikumbwa na upepo uleule, ikangoja hadi 1994 kuonekana Bara.

Maneno "maandalizi duni" hupita haraka sana masikioni. Kila kitu kinachoharibika huwa kiliandaliwa vibaya, arusi, safari, hata mechi ya mpira. Wiki hii nataka tuyafungue maneno hayo tuone ndani yake mna nini, kwa sababu naamini mna kitu kimoja kinachoonekana kidogo sana: karatasi yenye visanduku na mishale.

Chukua vocha moja ya malipo ya Serikali ya wakati ule. Karani anayeipokea anajua mambo ambayo hayakuandikwa mahali popote. Anajua ni kasma gani inabanwa na ipi ina nafasi. Anajua vocha isiyo na saini ya pili inakaa kwenye trei ya nani, na inakaa kwa muda gani kabla ya mtu kwenda kuuliza. Anajua kwamba daftari hili linafungwa tarehe fulani lakini linaachwa wazi kwa siku kadhaa kwa ajili ya mikoa ya mbali, maana posta ni posta. Sasa mtaalamu anakuja na mashine. Anauliza, "Malipo yanafanyikaje?" Anaonyeshwa kitabu cha kanuni za fedha. Anaandika programu inayofuata kanuni. Zile siku za kungojea mikoa hazimo, na ile trei haimo. Mashine inafunga hesabu tarehe iliyoambiwa, na vocha za Kigoma zinabaki nje.

Huo ni mfano wangu, wala si taarifa ya mkaguzi. Lakini yeyote aliyefanya kazi ofisini ataelewa pengo ninalolisema, kati ya kazi jinsi ilivyoandikwa na kazi jinsi inavyofanywa. Fani nzima ya wachambuzi wa mifumo imezaliwa ndani ya pengo hilo, na chombo chao kikuu, zaidi hata ya kompyuta, ni kalamu ya risasi.

Michoro hii ina historia ndefu kuliko kompyuta. Mwaka 1921 mume na mke Wamarekani, Frank na Lillian Gilbreth, waliwaonyesha wahandisi wenzao namna ya kuichora kazi hatua kwa hatua, kwa alama ndogondogo, ili mtu aone ni wapi kitu kinasubiri bure na wapi kinazungushwa bila sababu. Walichora kazi za mikono, za watu viwandani. Kompyuta zilipokuja, Herman Goldstine na John von Neumann wakatumia michoro ya namna hiyo mwaka 1947 kueleza jinsi mashine inavyopaswa kufikiri, hatua baada ya hatua. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, jambo moja lilipopotea njia. Mchoro uliokuwa unamwonyesha mtu na kazi yake ukawa unaionyesha mashine na kazi yake, na kwa miaka mingi mtaalamu akawa anachora kwa ajili ya mtaalamu mwenzake.

Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya 1970. Peter Chen mwaka 1976 alionyesha namna ya kuchora vitu na uhusiano wao, mathalani mgonjwa, zahanati na dawa, na mstari unaoonyesha nani ana nini na wangapi kwa wangapi. Mwishoni mwa miaka hiyo Tom DeMarco akaeneza mchoro wa mtiririko wa data. Duara ni kazi inayofanyika. Mshale ni taarifa inayotembea. Mistari miwili sambamba ni mahali taarifa inapohifadhiwa, liwe daftari, kabati au sanduku. Mraba ni mtu au ofisi iliyo nje ya mfumo. Basi, ndiyo yote hiyo, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuisoma. DeMarco alikuwa na lalamiko moja ambalo ofisi zetu zingelielewa: vitabu vinene vya maelezo ya mfumo hutiwa saini na wakubwa bila kusomwa. Mchoro wa ukurasa mmoja mtu atauangalia, apende asipende.

Baadaye Msweden Ivar Jacobson akaongeza mtu wa vijiti, yule wa kichwa duara na mikono ya mstari ambaye watoto huchora ukutani, akimweka pembeni mwa mchoro kuuliza: huyu anataka mfumo umfanyie nini? Uingereza, Peter Checkland wa Chuo Kikuu cha Lancaster akaenda mbali zaidi, akawa anachora picha huru za hali yenyewe pamoja na ugomvi wake, nani hamwamini nani, nani anapata hasara mambo yakibadilika. Wataalamu wa kukaza tai waliona huo ni utoto. Mimi naona ndiye aliyekaribia zaidi kuichora ofisi kama tunavyoijua.

Lakini msikilizaji, usidhani thamani ya mchoro ni urembo wake. Thamani yake ni kwamba mtu asiyejua kompyuta anaweza kuuwekea kidole akasema, "Hapa sivyo." Programu ikishaandikwa hana tena uwezo huo. Mkataba ukishatiwa saini ndiyo kabisa. Kuna kipindi kifupi tu, kati ya wazo na mashine, ambapo mwenye kazi anaweza kumsahihisha mwenye utaalamu, na kipindi hicho kinadumu kadiri karatasi inavyodumu mezani.

Tuna mfano wa hapa nyumbani wa watu walioitandaza karatasi hiyo. Ukiingia kituo cha afya chochote, kiwe cha Mnazi Mmoja au cha kijijini kabisa, utakuta vitabu vikubwa vya kurasa pana. Hivyo ni vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanzishwa katika miaka ya 1990. Kitabu Namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, Namba 6 cha wajawazito, Namba 7 cha watoto. Muuguzi anajaza mstari kwa kila mtu, halafu mwisho wa kipindi anakaa na kuhesabu vijiti, vinne na cha tano kukata. Wangapi chini ya miaka mitano wameugua malaria, wangapi juu ya miaka mitano, na kadhalika. Jumla inapanda wilayani, wilaya inajumlisha inapeleka mkoani, mkoa wizarani.

Wazo lilikuwa zuri, na lilikusudiwa kuondoa utitiri wa fomu. Lakini kila mradi uliokuja na fedha zake ulikuja pia na fomu zake. Kifua kikuu na ukoma fomu zao, chanjo fomu zao, malaria, UKIMWI. Muuguzi yuleyule, kwa mgonjwa yuleyule, aliandika jambo lilelile katika karatasi mbili au tatu, na karatasi hizo zikapita njia tofauti hadi kwa wakubwa tofauti waliopata idadi tofauti. Nani alikuwa akidanganya? Hakuna. Mkono ulichoka tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliingia katika ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, katika mradi wa mifumo ya taarifa za afya ambao ulianzia Afrika ya Kusini mara baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Inafaa tuseme hao Wanorwei walitoka wapi kifikra. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wao Kristen Nygaard, mmoja wa waliobuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma wa nchi yake, ili wafanyakazi wenyewe waielewe mashine inayoletwa kiwandani na wawe na sauti juu yake. Kwao kuchora pamoja na mwenye kazi lilikuwa suala la haki kabla halijawa suala la ufundi. Fikra hiyo ndiyo iliyofika Mlimani.

Kwa hiyo vijana waliotumwa wilayani hawakuanza na kompyuta. Walianza kwa kufuata karatasi. Mwaka 2003 Mtanzania Juma Lungo aliwasilisha Oslo tasnifu ambayo jina lake tu linatosha kueleza kazi: ilihusu mtiririko wa data katika mifumo ya taarifa za afya. Ukifuata karatasi kwa miguu, kutoka meza ya muuguzi hadi kabati la wilaya, unajikuta unachora mishale, na mishale ikishakuwa kwenye karatasi huanza kusema mambo ambayo kikao kisingeyasema. Wa kwanza kuonekana ni ule urudufu: mishale mitatu kutoka meza moja, yote imebeba taarifa ile ile. Wa pili unaumiza zaidi. Mishale yote inapanda. Kutoka zahanati kwenda juu ni msitu wa mishale, kutoka juu kurudi zahanati ni nadra kuona hata mmoja. Muuguzi anahesabu vijiti mwaka hadi mwaka, wala hakuna anayemrudishia neno kwamba idadi yako ya watoto wenye utapiamlo imepanda, fanya hivi.

Nikiwa mtu wa redio jambo hilo linanigusa, maana nasi tungeweza kusema usiku kucha bila kupata barua moja, na mtangazaji asiyepata barua huanza kusema ovyo.

Zanzibar mradi kama huo ulianza mwaka 2005, na huko fomu zilipunguzwa na kuunganishwa, na wafanyakazi wa wilaya wakawa wanakutana mara kwa mara kuzitazama takwimu zao wenyewe na kuulizana maswali. Ndiyo kusema ule mshale wa kurudi ulichorwa, kisha ukajengwa. Bara, toleo jipya la mfumo huo, DHIS2, lilijaribiwa Mkoa wa Pwani kabla ya kusambazwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 lilikuwa limefika wilaya zote. Leo mfumo huo unatumika katika nchi zaidi ya 70 duniani. Sisemi kila kitu kimenyooka. Vitabu vikubwa bado vipo, vijiti bado vinahesabiwa, na wafadhili bado wanapenda fomu zao. Lakini ukilinganisha na Hazina ya miaka ya 1970, tofauti si ubora wa mashine peke yake. Safari hii kulikuwa na watu waliokaa na muuguzi kabla.

Sasa tushuke Kariakoo.

Mwaka 2010 Serikali ilianzisha mashine za kutoa risiti za kielektroniki, zile tunazoziita mashine za EFD. Walianza wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka 2013 ikaja awamu ya pili, kwa wenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 14 kwa mwaka. Kila risiti inahifadhiwa ndani ya mashine, na kila siku mashine inatuma jumla yake Mamlaka ya Mapato. Kwa mchoro, ni jambo jepesi mno: mraba wa mnunuzi, duara la mauzo, mshale wa fedha kuingia, mshale wa risiti kutoka, na mshale mrefu wa jumla kwenda TRA. Novemba mwaka huohuo wa 2013 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa kupinga mashine hizo. Wakati ule wengi walisema sababu ni bei ya mashine, na wengine wakasema wazi kwamba wafanyabiashara hawataki kulipa kodi. Yote mawili yalikuwa na ukweli wake. Lakini kulikuwa na jambo la tatu.

Nililielewa siku nilipokaa kwenye fremu moja ya vitenge, Mtaa wa Kongo, na mwenye duka, mama wa makamo, akaniruhusu nichore biashara yake nyuma ya boksi. Nilichora kama nilivyoeleza sasa hivi. Mnunuzi, duka, risiti. Akaangalia, akacheka hadi akashika nguzo ya mlango.

"Kaka, hiyo biashara yako iko wapi? Nionyeshe nihamie huko."

Akaanza kunisahihisha. Winga yuko wapi? Kwa msikilizaji wa mbali, winga ni kijana asiye na duka, anayemdaka mteja barabarani, anamuuliza anataka nini, kisha anaingia maduka manne akitafuta. Duka linamtajia bei yake, yeye kwa mteja anaongeza cha juu. Mteja ametoa shilingi elfu arobaini, duka limepokea thelathini na tano. Risiti iandikwe ngapi? Duka litaandika lilichopokea, na hiyo ni haki yake. Mteja akisimamishwa mbele ya safari akaulizwa umenunua shilingi ngapi, atasema alichotoa, na hiyo pia ni kweli. Kwa mkaguzi, mmoja wao ni mwizi.

Halafu akaniuliza, "Na mali kauli umeiweka wapi?" Mali kauli ni mzigo unaotoka kwa neno. Mteja wa Songea anayejulikana anachukua robota kumi leo, fedha ataleta akishauza, pengine wiki tatu, pengine mwezi. Mashine inauliza swali moja: umeuza au hujauza? Mali kauli haina jibu moja. Ukitoa risiti leo, unadaiwa kodi ya fedha ambayo iko Songea. Usipotoa, mzigo unatembea barabarani bila karatasi. Hapo mama yule alinyamaza kidogo, akasema kuna mwaka mteja wake alifariki na robota zake zikafia hukohuko.

Akaendelea. Kitu kikikosekana dukani, kijana anatumwa kwa jirani kukifuata, mteja analipa hapa. Risiti ya nani? Na mzigo wenyewe unatoka China ndani ya kontena ambalo si la mtu mmoja. Watu kumi, ishirini, wamechangia, kila mmoja na mabelo yake, na nyaraka za forodha zina jina la aliyekusanya. Yeye ana mali halali, iliyolipiwa ushuru, lakini hana karatasi ya jina lake inayosema hivyo. Tulipomaliza, boksi lilijaa mishale hadi pembeni, na mchoro wangu wa mwanzo ulikuwa umebaki katikati kama nyumba ya zamani iliyozungukwa na maghorofa.

Nisieleweke vibaya. Katika mishale ile mingine ni ya kukwepa kodi, na mama mwenyewe hakuficha hilo. Nchi haijengwi kwa winga. Lakini mchambuzi wa mifumo hatakiwi kuwa polisi wala wakili. Anatakiwa achore kilichopo, kisha Serikali iamue kipi kikubaliwe, kipi kirekebishwe, kipi kikomeshwe. Ukiruka hatua hiyo, mashine yenyewe inakuamulia, na inaamua kwa upofu: inamhesabu mama wa mali kauli na jambazi wa risiti bandia katika kapu moja.

Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa tena. Safari hii malalamiko yalikuwa juu ya usajili wa stoo, kukamatwa kwa wateja wakiwa na mizigo, na wingi wa kodi. Wateja wa Kariakoo, ikumbukwe, si wa Dar es Salaam peke yake. Wanatoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, na mteja wa Lubumbashi akishakamatwa mara moja na mzigo wake, mwakani anakwenda kununua penginepo. Siku ya Jumatano Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alikutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Walisimama mmoja baada ya mwingine, wakaeleza. Nani anampa nani nini, karatasi inatoka wapi, inakwama wapi, nani anachukua cha pembeni. Waziri Mkuu akasitisha usajili wa stoo na operesheni ile ya kukamata, akaunda kamati.

Magazeti yaliripoti mkutano ule kama mgogoro, na ulikuwa mgogoro. Lakini sikiliza maswali yaliyokuwa yakiulizwa na majibu yaliyokuwa yakitolewa. Hayo ndiyo mahojiano ambayo kila kitabu cha uchambuzi wa mifumo hufundisha yafanywe mwanzoni kabisa, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Yalifanyika miaka 13 baada ya mashine kuletwa, kwenye viwanja vya wazi, kwa kipaza sauti, maduka yakiwa yamefungwa. Juni 2024 yakafungwa tena.

Liko jambo jingine Kariakoo ambalo halihusu kodi, nalo ni soko lenyewe. Marehemu Beda Amuli, msanifu majengo aliyelichora, alikuwa mtu wa kuangalia. Jengo lake, lililofunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli ya zege ambayo inakinga jua kama mti wa gulioni na papo hapo inakusanya maji ya mvua. Chini kuna shimoni, biashara ya jumla ikifanyika huko na rejareja juu. Ukiuangalia ule mchoro unaona alijua gunia la viazi linaingilia wapi na linatokea wapi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua.

Baada ya moto ilibidi lifanyiwe ukarabati mkubwa, na baada ya ukarabati ikabidi watu warudi. Warudi akina nani? Mwaka 2024 ilipotoka orodha ya wanaostahili kurudi, wengine wakalalamika kwamba majina yao hayamo, na malalamiko hayo yalikuwa makali. Hapa ule mchoro wa Peter Chen wa mwaka 1976 ungesaidia zaidi kuliko vikao kumi. Weka kisanduku kimoja, andika "kizimba". Sasa chora mistari. Mmoja unakwenda kwa mtu aliyetia saini mkataba, pengine miaka ya 1980, pengine amekwishafariki na kizimba kimebaki kwa wanawe. Wa pili unakwenda kwa mtu anayelipa kodi ya pango kila mwezi. Wa tatu unakwenda kwa mtu anayeamka saa tisa usiku, anayejua bei ya nyanya ya leo na anayefahamiana na wateja. Katika masoko yetu watu hao watatu mara nyingi ni mmoja, na mara nyingi sio mmoja. Mwenye mkataba alimpangisha mwenzake kwa mdomo, naye akamwachia mdogo wake.

Ukitengeneza orodha yenye safu moja tu iliyoandikwa "jina la mfanyabiashara", umekwisha kuamua kesi hiyo bila kuisikiliza. Aliyeketi kizimbani miaka kumi na mitano, akilipa kwa jina la mtu mwingine, akiwa na stakabadhi zote mfukoni lakini hakuna hata moja yenye jina lake, hana pa kuandikwa. Na karani aliyeshika orodha hiyo mlangoni hana la kumsaidia, maana safu ni moja.